Mashua ya Mbao ya Rimoti: Kuyazuia Maji Yasifikie Mitambo

Miongoni mwa kazi za mikono ambazo mzazi na mtoto wanaweza kuzifanya pamoja jioni za mwisho wa juma, kuunda mashua ndogo ya mbao inayoendeshwa kwa rimoti ni kazi yenye mafunzo mengi; na ikifanywa kwa pupa, ni kazi yenye majonzi mengi pia. Plaiwudi hukatwa, huunganishwa, husuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi. Mota hufungwa, rafadha huzunguka, na jamaa wote hutoka kwenda kushuhudia chombo kikishushwa majini. Kwa dakika kumi za mwanzo kila kitu huenda sawa. Kisha mashua huanza kupinda bila kuamriwa. Husimama, husogea, husimama tena, na mwishowe hunyamaza kabisa ikiwa mita 30 kutoka ukingoni, upepo ukiipeleka utakako.

Ndugu msomaji, hapo ndipo mchezo unapogeuka kuwa jambo zito. Mtoto aliyetumia majuma sita kuunda chombo chake hatakubali kukitazama tu kikienda zake. Atavua viatu na kuingia majini, na baba mtu, ambaye pengine hajui kuogelea kuliko mwanawe, atamfuata. Bwawa la mvua, lambo la mifugo au shimo la zamani la kuchimbia kokoto halina mtu ajuaye kina chake wala tope lililo chini yake. Kwa hiyo tunapozungumzia kukiziba vizuri chumba cha umeme cha mashua ya kuchezea, hatuzungumzii urembo, wala fedha peke yake. Mashua ambayo mitambo yake ni mikavu hurudi ukingoni yenyewe, wala hakuna anayelazimika kuifuata.

Upande wa fedha nao haupuuzwi. Mwili wa mashua ya mbao ni kitu cha kurekebishika: ukipasuka, kipande kingine cha plaiwudi na gundi vitauponya. Mitambo iliyomo tumboni haiko hivyo. Kuna kipokezi, ambacho hupokea amri kutoka katika rimoti. Kuna kidhibiti mwendo, ambacho hupimia mota umeme wake. Kuna sevo, yaani mota ndogo inayogeuza usukani. Na kuna betri. Vitu hivi hununuliwa vikiwa vimekamilika, na maji yakishakula nyaya nyembamba zilizochorwa juu ya bodi zake, fundi wa mtaani aghalabu hana la kufanya.

Tatizo lenyewe lina umri sawa na mchezo wenyewe. Mwaka 1898 Nikola Tesla, mhandisi aliyehamia Marekani kutoka Ulaya, aliwaonyesha watu katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, mashua ndogo aliyoiongoza bila waya, na tarehe 8 Novemba mwaka huo alipewa hataza namba 613,809 kwa uvumbuzi huo. Betri, mota na mitambo ya kupokea mawimbi, yote ilikuwa ndani ya tumbo la chombo, sentimita chache tu kutoka kwenye maji. Huko Uingereza, ambako mchezo wa mashua ndogo ulishika mizizi katika mabwawa ya bustani za miji, chama cha mashua za mvuke cha Victoria Park, London, kilianzishwa mwaka 1904. Redio ilipokuja kuwa rahisi, wapenzi wa mchezo huu walianza kuitia ndani ya mashua za plaiwudi, na ndipo wakagundua kwamba kuunda chombo kinachoelea ni jambo moja, na kuunda chombo chenye chumba kikavu ni jambo jingine kabisa.

Ubao na kiu yake

Watu wengi hudhani kwamba maji huingia kwa juu, kupitia mlango wa sitaha, na kwa hiyo hutumia nguvu zao zote kukibana kifuniko. Kwa kweli maji ya juu ndiyo yaonekanayo, lakini mara nyingi siyo ya kwanza kufika. Huyatangulia yale yanayonyonywa na ubao wenyewe.

Mafundi wa majahazi wa pwani ya Afrika Mashariki wanaujua ubao na kiu yake tangu kale. Nyufa zilizo kati ya mbao huzibwa kwa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta ikashindiliwa kwa patasi na nyundo, na chini ya chombo hupakwa deheni. Jahazi likikaa majini mbao zake nene huvimba na kukazana, na uvujaji hupungua. Mtu aweza kufikiri kwamba mashua ndogo nayo itajiziba hivyo hivyo. La, si hivyo. Plaiwudi ya milimita 3 haina kalafati inayongoja kubanwa. Ina matabaka membamba yaliyogandishwa, kila tabaka likiwa limelala kinyume na jirani yake. Ubao ukilowa hutanuka zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake. Matabaka hayo basi huvutana, rangi hupasuka nywele nywele, gundi huachia, na ule unyevu uliojificha hutoka taratibu upande wa ndani kama jasho. Kwa jahazi kuvimba ni dawa. Kwa mashua ya plaiwudi ni ugonjwa.

Yapo mambo mawili ambayo mwanzo wa kazi hayana budi kuzingatiwa. La kwanza ni gundi. Ile gundi nyeupe ya maji ya maseremala hufaa kwa viti na makabati, lakini aina zake nyingi hulainika zikikaa majini. Tumia epoksi ya sehemu mbili, kama ile Araldite ya madukani, au gundi ya mbao iliyoandikwa wazi kwamba haidhuriwi na maji. La pili ni kwamba mashua hupakwa ndani kama inavyopakwa nje. Hili husahauliwa mno. Nje hupewa tabaka tatu za rangi inayong'aa, na ndani ubao huachwa mtupu kwa kuwa hakuna auonaye. Matone machache tu yakidondoka ndani, ubao huyanywa, na kwa vile nje umezibwa, hayana pa kutokea ila kuelekea kwenye mitambo.

Tabaka mbili nyembamba za epoksi, zilizopakwa kwa brashi, zatosha. Pakaza siku ya joto, kwani epoksi ikipata joto huwa nyepesi na kupenya vema. Ncha za plaiwudi, yaani pale ilipokatwa kwa msumeno, zipewe epoksi mara tatu, maana hapo vinyweleo vya ubao viko wazi mithili ya mirija. Tabaka la kwanza likikauka, huweza kubaki na utando wa mafuta mafuta juu yake. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu, kausha, piga msasa mwepesi, ndipo upake la pili. Kwenye pembe ambapo ubavu wakutana na sakafu, ni vizuri kulaza ukanda wa kitambaa cha nyuzi za kioo ndani ya epoksi. Pembe hizo ndizo zinazopokea kishindo mashua inapogonga ukingo, nazo hupasuka kabla ya mahali pengine popote.

Matundu tunayotoboa wenyewe

Baada ya kumaliza kuuziba ubao, twachukua kekee na kuutoboa. Hakuna njia nyingine: shafti ya rafadha lazima ipite, na mti wa usukani lazima upite.

Shafti hupita ndani ya bomba la shaba lenye vikombe vya kuishikilia mwanzo na mwisho. Nafasi iliyo kati ya shafti na bomba ni njia iliyo wazi, na kamwe haiwezi kuzibwa kabisa, kwa sababu shafti lazima izunguke. Wengine hukaza mpira kwa nguvu hadi shafti inazunguka kwa shida. Maji hupungua kweli, lakini mota hulazimika kula umeme mwingi, kidhibiti mwendo hupata moto, na betri hwisha mapema. Njia iliyo bora ni kuyashinda maji kwa kimo. Mwisho wa ndani wa bomba uwe juu ya mstari wa maji, yaani juu ya kiwango ambacho maji hufika ubavuni mashua ikiwa imebeba mzigo wake wote. Maji hayapandi yenyewe kupita kiwango chake. Hivyo mashua ikisimama, hata kama girisi imekwisha, yatapanda ndani ya bomba mpaka usawa wa bwawa na kukoma hapo.

Mashua ikienda hali hubadilika kidogo, kwa kuwa mzunguko wa shafti na kishindo cha mawimbi vyaweza kuyasukuma maji mbele. Kwa hiyo bomba hujazwa girisi isiyoyeyuka majini. Mafundi wazuri huchomelea kijibomba chembamba katikati ya bomba la shafti, kikielekea juu, ili girisi iweze kushindiliwa kwa sindano kubwa ya plastiki bila kufungua chochote. Ishindilie mpaka uione ikichungulia karibu na rafadha. Baada ya kila safari chache, ongeza. Girisi ikitoka imegeuka nyeupe kama maziwa, hiyo ni ishara kwamba imechanganyika na maji, na vikombe vya shafti vimeanza kulika.

Usukani hufuata kanuni ile ile: bomba lake lipande juu ya mstari wa maji, na kama nafasi hairuhusu, pete ndogo ya mpira iwekwe juu, ikiwa imepakwa girisi. Tahadhari moja ya pembeni: mafuta ya mgando yanayopakwa ngozini huvimbisha na kuozesha mpira wa asili. Pete na mipira ya namna hiyo ipakwe girisi ya silikoni.

Mlango wa sitaha nao ni tundu, tena kubwa kuliko yote. Usiukate ukawa sawasawa na sitaha. Uzungushie ukingo uliosimama, wenye kimo cha milimita 15 hivi, na kifuniko kivae juu ya ukingo huo kwa nje kama kifuniko cha kopo la maziwa kinavyovaa mdomo wa kopo. Wimbi likipanda juu ya sitaha litapiga ukingo na kurudi baharini. Meli kubwa za mizigo zina kuta za namna hiyo kuzunguka milango ya matumbo yake. Ukanda wa sponji laini wa kuzibia madirisha, ukibandikwa ndani ya kifuniko, utamaliza kazi iliyobaki; lakini ukingo ndio unaofanya kazi kubwa, si sponji.

Sanduku ndani ya mashua

Sasa tufike kwenye chumba chenyewe. Kanuni ambayo ningependa msomaji aikumbuke ni hii: usilifanye tumbo la mashua kuwa chumba cha umeme. Tumbo ni mahali ambapo maji, licha ya juhudi zote, yataingia kidogo siku moja au nyingine. Hata manahodha wa majahazi, pamoja na kalafati na deheni, hawakukosa kuchukua upo wa kufulia maji. Mitambo basi iwe ndani ya sanduku lake, na sanduku liwe ndani ya mashua, likiwa limeinuliwa kutoka ngamani.

Sanduku zuri halihitaji kutafutwa mbali. Bakuli la plastiki la kuhifadhia chakula, lenye kifuniko cha kubana pande nne na ukanda wa mpira, lafaa kabisa. Liwekwe katikati ya mashua kwa urefu wake, juu ya vipande viwili vya ubao vyenye kimo cha milimita 20 au 30. Mahali hapa hapachaguliwi ovyo. Mashua inapokazana mwendo, omo huinuka na maji yote yaliyo ndani hukimbilia tezi. Inapopunguza, hurudi mbele. Wengi huweka kipokezi nyuma, karibu na sevo, ili nyaya ziwe fupi, na hivyo hukiweka pale pale ambapo maji hukusanyika mtu anapoongeza kasi. Betri, kwa kuwa ni nzito, yafaa iwe chini ili mashua isipinduke, lakini nayo isilale sakafuni. Ikalie vijiti viwili vya kimo cha milimita 10, ifungwe kwa ukanda.

Nyaya zinapoingia sandukuni ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Tundu la waya litobolewe juu ubavuni, kamwe lisiwe chini, na waya wenyewe usiingie moja kwa moja. Uache ushuke kwanza chini ya usawa wa tundu, kisha upande kuingia. Tone linalotambaa juu ya waya litafika kwenye bonde hilo na kudondoka hapo, badala ya kuendelea mpaka ndani. Kisha tundu lizibwe kwa silikoni, na hapa pana jambo la kuangaliwa dukani. Silikoni nyingi za kuzibia masinki hutoa harufu kali ya siki zinapokauka. Harufu hiyo ni tindikali, na ndani ya sanduku lililofungwa hula shaba na lehemu. Ulizia ile isiyo na harufu ya siki, na sanduku liachwe wazi mpaka silikoni ikauke kabisa.

Sevo ina fimbo inayosukuma usukani, na fimbo inayotembea hubeba maji kwenda na kurudi. Mashua ndogo itafaidika zaidi sevo ikiwa nje ya sanduku, imefungwa juu karibu na sitaha, na waya wake tu ndio uingie. Ziko sevo zilizoundwa kustahimili maji, na tofauti ya bei ni ya kuvumilika. Mota nayo hubaki nje. Hiyo haiogopi rasharasha, ila vikombe vyake hushika kutu vikiachwa bila mafuta.

Tangu zamani imekuwapo desturi ya kukivisha kipokezi pulizo la mpira na kulifunga shingo kwa rababendi. Mwandishi wa makala haya hana imani na pulizo. Huzuia matone, kweli, lakini huuzuia pia unyevu uliokwisha ingia usitoke, na baada ya safari kadhaa kipokezi hukutwa kimetota ndani ya pulizo lisilo na tundu hata moja. Afadhali bodi yenyewe ipakwe vanishi maalumu ya saketi. Inapokosekana, wengine hutumia rangi ya kucha isiyo na rangi, nayo husaidia. Lakini plagi, swichi, na kile kibati cha kupoza kidhibiti mwendo visiguswe na vanishi.

Kwa nini unyevu uingie mahali pasipo na tundu? Hili lastahili maelezo. Mashua iliyokaa ndani ya buti la gari mchana wa jua kali huweza kufikia nyuzi 50 za sentigredi. Inapotiwa katika maji ya nyuzi 25, hewa iliyo ndani ya sanduku hupoa na kutaka kusinyaa. Shinikizo lake hupungua kwa takriban asilimia 8, na sanduku huanza kuvuta pumzi kupitia kila penyo lililopo. Iwapo penyo hilo limelowa, sanduku litavuta maji badala ya hewa. Vilevile mvuke uliokuwamo hewani hugeuka umande juu ya bodi. Kwa hiyo mashua ipumzishwe kivulini kifuniko kikiwa wazi kwa nusu saa kabla ya kutiwa majini, na sanduku lifungwe wakati huo, si nyumbani. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokutwa ndani ya maboksi ya viatu vipya hunyonya unyevu. Tia kimoja au viwili, uvibadilishe mara kwa mara.

Sanduku lililofungwa lina adui mwingine, nao ni joto la ndani. Kidhibiti mwendo hutoa joto, na hewa isiyotembea hailichukui. Kwa mashua ya mwendo wa wastani si tatizo. Kwa ile ya kasi, hutumika vidhibiti vinavyopozwa kwa maji ya bwawa yanayopita katika mrija mwembamba, jambo ambalo likifikiriwa vizuri ni la ajabu: tumehangaika kuyazuia maji, kisha twayaalika kwa mrija. Anayelazimika kufanya hivyo aunge mirija hiyo nje ya sanduku na chini ya usawa wa mitambo, na kila kiungo akibane kwa waya.

Kabla ya kufunga, itazame antena. Rimoti za zamani za masafa ya megahezi 27 zilihitaji waya mrefu unaoning'inia. Nyingi za siku hizi hutumia gigahezi 2.4, ambazo wimbi lake lina urefu wa sentimita 12.5 tu, na mawimbi hayo hunyonywa vibaya na maji. Antena iliyolala chini ya mstari wa maji hufanya mashua kuwa kiziwi mita chache kutoka ukingoni, na mwenye mashua hudhani maji yameingia. Ipandishe wima ndani ya mrija wa soda uliozibwa juu, ipite sitahani kama mlingoti mdogo. Rimoti nyingi za namna hiyo zinaweza kuwekwa ili mota isimame yenyewe mawasiliano yakikatika. Mpangilio huo ujaribiwe nchi kavu, rafadha ikiwa hewani, kwa kuizima rimoti kwa makusudi.

Jaribio kabla ya safari

Mashua isijaribiwe ikiwa na mitambo. Chukua mawe yenye uzito ulio sawa na betri na vifaa vyote, yapange mahali pa vifaa hivyo, na utandike karatasi za gazeti sakafuni mwa mashua na ndani ya sanduku. Gazeti hudhihirisha hata tone moja, kwa kuwa karatasi yake hugeuka rangi ikilowa na kubaki na doa ikikauka. Pima uzito wa mashua kwenye mizani. Kisha ielee katika karai kubwa au beseni la kuogea usiku kucha. Asubuhi ifute nje, ipime tena. Gazeti likiwa kavu na uzito haukuongezeka, umefaulu. Gazeti likiwa kavu lakini uzito umeongezeka, ubao unakunywa, na ni lazima urudi kwenye epoksi. Doa likiwa chini ya bomba la shafti, unajua pa kwenda. Baada ya hapo imwagie maji kwa ndoo, pole pole kutoka omo, uone kama mlango wa sitaha unajitetea.

Jambo jingine la kufanywa kabla ya safari ni kuhakikisha kwamba mashua, hata ikijaa maji, haizami. Ubao huelea, kinachozamisha ni betri na vyuma. Kile kitu cheupe kigumu kinachofungiwa televisheni ndani ya maboksi hubeba karibu kilo 1 kwa kila lita 1 ya ujazo wake, yaani kipande chenye sentimita 10 kila upande. Betri na vyuma vikiwa na kilo 1 na nusu, lita 1 na nusu zatosha, zikigawanywa omo na tezi. Nafasi hiyo huwa tupu kila siku. Haina sababu ya kubaki tupu.

Na ukingoni uchukuliwe uzi wa kuvulia samaki uliofungwa mpira wa tenisi. Mashua ikizimika, mpira hurushwa kupita juu yake, uzi hulala juu ya sitaha, na huvutwa taratibu. Mtoto afundishwe kurusha mpira huo kabla hajafundishwa kuongeza kasi, na aambiwe waziwazi kwamba uzi ukishindwa, upepo utaachiwa kazi hata kama ni mpaka magharibi.

Na kama maji yameingia?

Kitu cha kwanza ni kuikata betri, hapo hapo, kabla ya kutazama kingine chochote. Maji juu ya bodi isiyo na umeme huharibu polepole. Maji juu ya bodi yenye umeme huila shaba kwa dakika. Kwa wakazi wa pwani hatari ni kubwa zaidi, kwani kila kilo 1 ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na maji ya namna hiyo hupitisha umeme kwa wepesi mno kuliko maji ya ziwa. Wala kukausha peke yake hakutoshi. Chumvi iliyobaki juu ya bodi huvuta unyevu wa usiku na kuanza upya. Hivyo bodi iliyoonja bahari huoshwa kwanza kwa maji safi yasiyo na chumvi, kisha kwa spiriti, halafu huachwa kivulini penye upepo siku mbili au tatu. Isiwekwe juani wala karibu na jiko.

Betri ina sheria yake. Ile ya nikeli yaweza kuoshwa na kukaushwa, na kwa mtoto anayeanza ndiyo ninayoipendekeza. Betri ya lithiamu iliyoingiwa na maji ya chumvi haiaminiki tena hata ikionekana nzima: huweza kuvimba, kupata moto na kulipuka saa kadhaa baadaye. Iwekwe nje ya nyumba, mbali na chochote kiwezacho kuungua, wala isichajiwe tena.

Mashua iliyorudi salama nayo ifunguliwe mara ifikapo nyumbani. Kifuniko cha sitaha na cha sanduku viachwe wazi usiku kucha, ngama ifutwe kwa kitambaa, na girisi iongezwe kwenye kijibomba cha shafti mpaka ichungulie nyuma. Kazi hiyo huchukua robo saa, na mtoto wa miaka kumi aweza kuifanya mwenyewe.